Bakuli la Uyoga Kwenye Mnada wa Mavuno

Wajukuu zangu wa kikundi cha uyoga,

Jumamosi mlikuja nyumbani watano. Mkaniamkia vizuri, mkanywa chai, mkamaliza viazi vyangu vyote, halafu Glori akatoa simu akasema, "Bibi, tunaomba baraka zako kwenye lebo mpya." Nikavaa miwani. Picha nzuri kweli, jina la kikundi limekaa kwa rangi ya kijani, hapo sina neno. Chini yake mmeweka orodha: hutibu kisukari, hutibu presha, huondoa sumu mwilini, huzuia saratani, hurudisha nguvu. Nilihesabu magonjwa kumi na moja nikachoka. Mlikuwa mnaniangalia mkingoja nipige makofi. Nikawaambia nitawajibu kwa maandishi, mkaondoka mmenuna kidogo, hasa Baraka.

Jibu ndilo hili. Ni refu kwa sababu mimi ni mtu wa maneno mengi, na maneno mengi ndiyo yaliyowahi kuniponza. Someni mpaka mwisho kabla hamjapeleka chochote kwa mchapishaji.

Anayenijua anajua kwamba sikuzaliwa kunyamaza. Mama yangu kule Iringa alikuwa akisema nilianza kuongea kabla sijatambaa. Sasa mchukueni mtu huyo mumwingize kwenye kazi ya uyoga, ambayo sehemu yake nyeti kuliko zote hufanywa mdomo ukiwa umefungwa.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Shabani, mtaalamu wa kutengeneza mbegu za uyoga, mtu wa Daraja Mbili kule mjini ambaye wazee wake walitoka Tanga. Mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kuchemsha majani. Mbegu alikuwa akiziotesha kwenye chupa za mtama uliochemshwa, ndani ya kachumba kadogo kasikokuwa na hata kalenda ukutani, maana alisema kalenda inakusanya vumbi. Siku yangu ya kwanza alinipa spiriti ninawe mikono, akaniambia nijifunge kitambaa puani na mdomoni, akawasha taa ya spiriti, akafungua chupa. Mimi nikakishusha kitambaa kidogo ili nisikike vizuri, nikauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hapa ndipo…"

Akaifunga chupa. Akaiweka kando, akaiandika kwa peni nyekundu: MAMA NEEMA. Ndilo jina langu, kwa mwanangu wa kwanza. Sikuelewa, nikadhani amenizawadia. Baada ya wiki moja akanionyesha rafu nzima. Chupa nyingine zote zilikuwa nyeupe kwa utando safi wa uyoga. Yangu ilikuwa na ukungu wa kijani mpaka shingoni.

"Hayo ni maneno yako," akasema. "Yameota."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kanuni iliniingia: chupa ikifunguliwa, mdomo unafungwa mpaka chupa ifungwe. Pumzi ya mtu ina vijidudu vingi, na mtama uliochemshwa ni chakula kitamu kwa kila kijidudu. Mume wangu, Eliamani, aliposikia habari hiyo alimwomba Mwalimu amwazime chupa moja, aiweke wazi sebuleni kwetu jioni nzima.

Nyie siku hizi mna kabati lenye feni na taa ya kuua vijidudu. Nimeliona, nimelipenda. Ila juzi nilipita dirishani nikamsikia Baraka anasimulia mpira huku chupa iko wazi. Kabati halijui mpira, mwanangu. Funga mdomo.

Tuje kwenye mavuno yangu ya kwanza, ambayo hayakuwepo. Nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Nikakata majani makavu ya migomba vipande vidogo, nikayaloweka, nikayachemsha kwa mvuke kwenye pipa, nikayapoza, nikajaza mifuko tabaka kwa tabaka, majani kidogo, mbegu kidogo. Nikaipanga kwenye banda lenye giza. Ndoo ya chokaa mlangoni ya kukanyagia, magunia yaliyolowa maji ukutani. Nikangoja wiki tatu. Mifuko ikakaa vilevile, haina hata uzi mmoja mweupe. Nikaongeza maji. Nikaongeza sala.

Mwalimu alikuja kutoka mjini, akafungua mfuko mmoja, akanusa, akatoka nje akaangalia shamba. Shamba letu mnalijua, la Kimeru kama yote: migomba juu, kahawa chini yake, vimebanana.

"Mama Neema, kahawa hii mnaipiga dawa?"

"Ndiyo Mwalimu. Eliamani anapiga mrututu. Tena mwaka huu kapiga vizuri, majani yote yamekuwa ya bluu."

"Mrututu unaua nini?"

"Ukungu wa kahawa."

"Na uyoga ni nini?"

Uyoga nao ni jamii ya ukungu. Nilikuwa nimekata majani ya migomba yaliyonyeshewa dawa ya kuua ukungu, nikayachemsha kwa heshima zote, halafu nikaulaza humo ukungu niliotaka uote. Hilo ni kosa la mtu wa huku kwetu tu, wa kwenye kahawa. Mwenzetu wa Dodoma hawezi kulifanya hata akitaka.

Mwalimu hakunicheka, ila aliniambia jambo ambalo nataka lebo yenu ilijue. Uyoga hunyonya kile unachooteshewa. Ukiulisha majani yenye sumu, ama utakufa, ama utaota na sumu yake ndani. Kwa hiyo kabla hamjasema uyoga wenu unaondoa sumu mwilini mwa mtu, niambieni kwanza yale mabua ya maharage mnayonunua siku hizi yametoka shamba la nani na limepigwa nini. Mimi baada ya siku ile nilitumia migomba ya upande wa mto ambako hakuna kahawa, na sijawahi kurudi nyuma.

Mifuko ya pili ikatoa. Jamani. Asubuhi nilikuta vichwa vidogo vya pini vimejitokeza kwenye matundu, keshokutwa yake vimekuwa makofia ya kijivu yamepandana. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya banda. Kisha nikatoka na bakuli, nikatazama huku na huku, nikagundua kwamba hapa Akheri hakuna mtu wa kumlisha.

Kwetu Iringa mvua ikianza kila nyumba inanukia uyoga na karanga. Nilipoolewa huku nilikuta watu wana ndizi, wana maziwa, wana loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na uyoga hawautazami. Mama mkwe wangu, Mama Eliamani, aliutaja kwa jina moja tu: chakula cha nyani. Hakukubali uguse sufuria zake. Nilikuwa na kisufuria changu cha pembeni, kilining'inia nje kwenye msumari peke yake, kama mwenye adhabu. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Nilipojifungua Neema alinilea kwa supu na mtori mpaka nikashindwa kufunga kitenge. Ila kwenye uyoga alikuwa mgumu kama jiwe la kinu.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwa mliohamia juzi niwaeleze. Siku ile kila nyumba hupeleka kanisani kile ilichokivuna: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, mayai, jogoo. Baada ya ibada vinanadiwa nje, kwa kelele na kicheko. Aliyenunua anaweza kukichukua au kumpa mtu mwingine yeyote anayemtaka. Na kuna jambo ambalo halijaandikwa popote lakini wote tunalijua: sadaka ya nyumba isikae mezani bila mtu kuitaja bei. Ni aibu ya ukoo mzima.

Mimi nilipeleka uyoga. Bakuli la enameli, jani la mgomba chini, makofia juu yamepangwa. Mnadishaji alikuwa Mzee Anaeli, mtu anayeweza kunadi yai moja ukadhani ni ng'ombe. Akaliinua bakuli langu. Akaligeuza upande wa pili.

"Hii," akasema, "ni sadaka ya Mama Neema."

Kimya. Kuku walisikika. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, kile ni kitu gani?" na mama yake akamfinya. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Anaeli akaliinua mara ya pili, taratibu, kama anayeomba radhi.

"Mimi!"

Alikuwa mama mkwe. Amesimama na kitenge chake cha bluu, kidevu juu, hanitazami. Hakuna aliyempandia bei. Akaja mbele, akalipokea bakuli kwa mikono miwili bila kuangalia kilichomo, akageuka hatua mbili. "Nampa mchungaji."

Watu waliangua kicheko mpaka kwaya ikaharibika. Mchungaji masikini, angekataaje? Lakini Jumatano mkewe akaja kwangu na bakuli lile limeoshwa, akaniuliza kama kuna mwingine. Nilikuwa nimemwelekeza kitunguu, nyanya na karanga za kusaga, na mchungaji alikwangua sufuria. Jioni ile ile mama mkwe, ambaye alikuwa anafuatilia afya ya mchungaji kwa karibu sana, alikuja akasimama mlangoni mwa jiko langu.

"Nionjeshe. Kidogo tu."

Akala amesimama. Akaongeza. Akavuta kigoda akakaa. Hatukuongea, na kwangu hilo lilikuwa kubwa.

Kuanzia hapo akawa mchumaji wangu. Nimefundisha watu wengi kuchuma, nyie mkiwemo, na sijaona jicho kama lake. Uyoga unachumwa wakati ukingo wa kofia bado umeinama chini. Ukianza kunyooka, umechelewa. Ukipinduka juu, umepitiliza, unamwaga vumbi lake la uzazi na kulivuta ndani ya banda kunakuleteeni kile kikohozi mnachosingizia baridi ya Meru. Mama Eliamani alikuwa anapita kwenye mifuko anagusa hapa, anaruka pale, hakosei. Likumbukeni jicho hilo, nitalirudia.

Sasa kuhusu afya, ambayo ndiyo imejaza lebo yenu. Mimi siyapingi mazuri ya uyoga. Nimeishi nayo na magoti yangu mnayaona. Mwalimu Shabani alitufundisha kwa kushika uyoga mkavu mkononi na kuumega. Hapa kuna protini ya kujenga mwili na mafuta ni kidogo sana. Kwenye kuta za chembe zake kuna nyuzi zinaitwa beta-glukani, na ndizo zinazosifiwa zaidi: zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya kula, na inaonekana zinawaamsha walinzi wa mwili wetu. Kuna viambata vingine vinavyozuia chembe za mwili zisiharibike haraka. Kuna kitu ambacho jua likikipiga kinageuka vitamini D, na ndiyo maana nawapigia kelele mkikausha: panga kofia mikunjo ikitazama juu, jua la saa sita, si kivulini. Uyoga uliokaushwa gizani ni mkavu tu. Na upikwe, usiliwe mbichi, kwa sababu kuta zile ni ngumu na moto ndio unaozilegeza. Supu ichemke polepole, na maji yake msimwage, mazuri mengine yamehamia humo.

Hata ule mgumu wa kahawia unaoota kwenye magogo, ambao watu wanauchemsha kama chai chungu, alitueleza. Una nguvu zake. Ndiyo maana mtu anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi amwulize daktari kwanza, maana kitu chenye nguvu kinaweza kugombana na dawa.

Kila alipomaliza aliongeza maneno yale yale. "Yanasaidia, Mama Neema. Utafiti bado unaendelea. Vingi vimejaribiwa kwa panya, na wewe si panya."

Mimi nilisikia "yanasaidia" nikashika njia kabla ya "bado."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa soko la Tengeru na kipande cha boksi. Nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwa kalamu nene ya wino: UYOGA NI DAWA. UNATIBU KISUKARI, PRESHA, VIDONDA VYA TUMBO NA UCHOVU WOTE. Na sauti ninayo. Nilipanda juu ya kreti ya soda nikahubiri. Mama mmoja kutoka Kimandolu alinunua beseni zima kwa ajili ya presha. Saa nne uyoga umekwisha na watu wanauliza utarudi lini. Nilijiona daktari bingwa. Nikahubiri hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kando yangu, siku zote hizo, alikaa mama mkwe akifunga uyoga kwenye karatasi. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Vidonge asubuhi na jioni, na vilikuwa vinamsumbua tumbo. Mimi nilikuwa nawatazama wateja. Sikumtazama yeye, ambaye alikuwa anasikia kila neno.

Mwalimu alikuja siku moja asubuhi kutuletea mbegu. Nikamkaribisha bandani kwa majigambo. Mama Eliamani alikuwa anachuma, akaniletea beseni. Nikaliangalia nikakunja uso: nusu ya makofia yamepinduka juu.

"Mama, leo umechuma uliopitiliza!"

"Mbona naona uko sawa," akasema, akaketi, akaomba maji. Akamaliza kikombe. Akaomba kingine. Akaomba cha tatu.

Mimi bado nachambua beseni na kulalamika. Mwalimu hakuangalia beseni. Alikuwa anamtazama mama. Yeye mwenyewe ana kisukari, kiu ile anaijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mama, vidonge vyako unakunywa?"

Akatabasamu kwa fahari. "Vya nini tena? Nakula uyoga."

"Nani alikwambia uviache?"

Alinigeukia mimi, uso wake unang'aa kwa upendo, kama mtu anayemtambulisha daktari wake. Wajukuu zangu, nimefiwa, nimeuguza, nimepata hasara za kila aina, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa kutazamwa vile. Tulimkimbiza hospitali. Sukari ilikuwa imepanda mno, hata macho yakawa hayaoni vizuri. Daktari alisema tungechelewa kidogo angetuzimikia nyumbani. Vidonge vyake vyote nilivikuta ndani ya kopo la majani ya chai. Nilivishika nikalia hapo hapo jikoni, kwa sauti, na sioni aibu kuwaambia.

Akapata nafuu. Baada ya siku kadhaa alirudi nyumbani, macho yametulia, ulimi umerudi na makali yake. Nikamletea vidonge na uji. Akanywa uji.

"Mama, na vidonge."

"Sitaki. Vinanichafua tumbo. Niliugua kwa sababu nilipunguza uyoga wiki ile ya msiba wa jirani."

"Mama, nilikosea. Uyoga hautibu kisukari. Unasaidia tu, kama chakula."

"Ulisema unatibu."

"Nilikosea!"

Akaweka kikombe chini. "Mama Neema, nisikilize. Ulisema sokoni, umesimama juu ya kreti, watu wote wanasikia. Leo unaniambia huku jikoni, tuko wawili, tena unanong'ona. Nitajuaje ipi ni ya kweli? Kama ulikosea, kaseme pale pale kwenye watu. Nikisikia, nitakunywa."

Mtaniuliza kwa nini sikukimbia sokoni siku ile ile. Niliogopa. Nilishajulikana Tengeru nzima kama Mama Uyoga, watoto walikuwa wanasoma kwa uyoga, na nilijua nikisema nilidanganya, hata kama sikukusudia, nimekwisha. Siku mbili nilizunguka nyumba nikimbembeleza mama, namsagia vidonge kwenye uji, ananusa, anasukuma kikombe. Mwalimu alipopiga simu kuuliza hali nikamwambia ukweli wote. Akasema kitu kimoja: "Chupa umeiacha wazi muda mrefu, Mama Neema. Kaifunge."

Keshokutwa yake ilikuwa tena Jumapili ya mavuno, nikamwambia nitaifungia huko.

Nikapeleka bakuli lile lile la enameli. Zamu yangu ilipofika, nilimwomba Mzee Anaeli nizungumze mimi kabla yake. Watu wakaanza kutabasamu, wakijua Mama Uyoga atawapa hubiri. Nikamwona Mwalimu Shabani amesimama kule nyuma karibu na geti, amekuja kutoka Daraja Mbili kwa ajili yangu, shati limenyooka.

Nikasema, "Mmenisikia sokoni nikisema uyoga unatibu kisukari na presha. Si kweli. Nilisema nisichokijua. Uyoga ni chakula kizuri, unasaidia mwili, na mimi nitaula mpaka nife. Lakini mama yangu yule pale aliacha vidonge vyake kwa sababu ya mdomo wangu, na nusura tumzike. Kama kuna mwingine ameacha dawa zake kwa neno langu, namwomba azirudie leo. Nisameheni." Halafu nikafunga mdomo.

Hubiri langu fupi kuliko yote. Kikaja kimya cha ule mwaka wa kwanza, kuku na kila kitu. Mzee Anaeli akaliinua bakuli bila kutaja kitu. Nikajua hakuna atakayelinunua, safari hii si kwa kutolijua, ni kwa kunijua mimi.

"Mimi!" Mama mkwe. Kitenge cha bluu kile kile, kimefifia.

"Naongeza!" ikatoka getini. Watu wote wakageuka. Mwalimu Shabani, mkono juu.

"Naongeza juu yake!" akasema mama, akimkazia macho.

"Na mimi!"

"Huyu baba ametoka wapi? Naongeza!"

Mzee Anaeli alifufuka. Alikuwa anarukaruka katikati yao, bakuli kichwani, watu wanashangilia, wengine wakaingia nao kwenye mnada kwa furaha tu, bei ikapita jogoo, ikapita mkungu wa ndizi, ikalikaribia beberu. Mwishowe mama akatupa mikono, akashindwa. Mwalimu akaja mbele, akalipokea bakuli, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Nampa Mama Eliamani. Lakini namwomba kwanza tunywe naye dawa." Akatoa mfukoni kikaratasi chenye vidonge vyake.

Mama akanigeukia. "Nimesikia," akasema. "Sasa nimesikia." Akafungua pindo la kitenge. Vilikuwemo, amekuja navyo tangu asubuhi! Mke wa mchungaji akapiga kelele kwamba ni vya kunywa baada ya chakula, akakimbia ndani akarudi na sahani ya kande. Wakala wawili wale, Mmeru wa Kilutheri na Mwislamu wa Daraja Mbili, sahani moja, usharika mzima unawatazama wanatafuna. Kisha kidonge na maji, kidonge na maji. Watu walipiga vigelegele kama harusini. Mimi nililia tena, safari hii huku nacheka.

Wakati watu wanatawanyika, wawili walinifuata pembeni, mmoja baada ya mwingine, wakaniambia kwa kunong'ona kwamba na wao waliacha zao. Kama ningeyasema jikoni tu, nisingewajua.

Na sokoni? Jumamosi nilirudi na kipande kile kile cha boksi, nimekigeuza nyuma: UYOGA. CHAKULA KIZURI. DAWA ZAKO ENDELEA NAZO. Siku hiyo niliuza kidogo. Iliyofuata yule mama wa Kimandolu alikuja akakisoma mara mbili, akanunua beseni lake kama kawaida, akaniambia dawa za presha hakuwahi kuziacha, ila uyoga aliupenda tangu siku ya kwanza kwa utamu. Boksi lile mnalijua. Ndilo lililoning'inia ndani ya mlango wa banda, ambalo Glori alitaka kulitupa mlipopaka rangi.

Tuzungumzie lebo. Uzuri wa uyoga wenu uandikeni, upo na unatosha: protini, nyuzi, vitamini D kama kweli mmekausha juani. Orodha ya magonjwa ifuteni.

Mkiona nimewaonea, kuna mahakama ya rufaa. Mama Eliamani mwaka huu amepita tisini. Bado anakula uyoga, bado ananiambia nimezidisha chumvi, na miwani yake mipya imemrudishia jicho lile. Njooni asubuhi, wakati wa uji, mtamkuta mezani na vidonge vyake kwenye kisosi. Mwamkieni, mkae, halafu msomeeni lebo yenu yote, kwa sauti, kuanzia ugonjwa wa kwanza mpaka wa kumi na moja, huku mkimtazama usoni. Mimi nitakuwepo, na nawaahidi sitasema neno.